Saluni ya mzee wa noti Tabora mjini, kama una haraka usiende

Jamani hii saluni nimeenda mara tatu sasa. Jina silitaji, mwenyewe hataki matangazo, ila watu wa Tabora mtaijua, ipo mtaa wa nyuma ya soko, ina meza ya kioo na chini ya kioo kapanga noti za zamani.

Kunyoa kwenyewe safi. Buku tatu, wembe mpya anaufungua ukiona, spiriti anamwaga mpaka unang'ata meno. Skrabu hakuna, ukitaka mambo ya kuoshwa uso nenda zile za kisasa barabara kubwa. Shida ni spidi. Nimekaa saa moja na nusu, tena nanyoa kipara, maana mzee akinogewa na stori mashine anaizima.

Na stori ni ileile, we uliza tu ile noti ya shilingi 20 uone. Anakuonyesha sahihi ya gavana kwa ncha ya kitana, Edwin Mtei huyo, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, 1966, kabla ya hapo tulikuwa tunatumia hela za bodi ya sarafu pamoja na Kenya na Uganda, kwahiyo noti zetu wenyewe zimeanza na yeye, na alikuwa kijana tu wa miaka 30 na kitu. Halafu lazima akukumbushe kwamba kasoma hapahapa Tabora Boys kabla hajaenda Makerere.

Ugavana mpaka 1974, akahamia Arusha kuwa katibu mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Jumuiya ikavunjika 1977, Mwalimu Nyerere akampa Wizara ya Fedha. Hapo ndo mashine inazimwa sasa. Maana mtu wa benki anaangalia daftari, Jumuiya imekufa, mafuta yamepanda bei, vita ya Amin imekomba hela, dola hamna, akakaa mezani na IMF, lile shirika la fedha la kimataifa, na wale wakataka shilingi ishushwe thamani. Mwalimu akagoma kabisa. Mwisho wa 1979 Mtei akajiuzulu. Na Mwalimu naye ni Tabora Boys, alitangulia miaka ya nyuma! Mzee anasema shule moja, majibu mawili.

Juzi baba mmoja kwenye benchi akamjia juu, eti Mtei alitaka kutuuza kwa wazungu. Mzee akamjibu mbona 1986 enzi za Mwinyi tulienda kukubaliana na IMF haohao. Wakabishana weee, mimi nina povu nusu kichwa. Kwa upande wangu Mwalimu namwelewa, shilingi ikishuka anayeumia ni mnunua sukari robo, ila waziri kuacha gari na cheo kwa sababu hesabu zake hazikubaliwi, hiyo nayo sio ndogo. Baadae huyohuyo ndo kaanzisha chama cha CHADEMA 1992, lakini siasa hizo mzee hataki zizungumziwe dukani, anasema zinafukuza wateja.

Nikamwomba aniuzie ile noti, kakataa, nikaongeza dau, kakasirika kidogo.

Nafika home naambiwa nyuma ya sikio kabakisha nywele. Nikarudi kesho yake akanimalizia bure, dakika mbili, sikuuliza kitu. Nyota nne, moja nakata kwa ajili ya lile benchi lina msumari.