Mifano ambayo sikuiomba

Kwa kazi ya kutengeneza maktaba yenyewe (ya msimbo, si ya vitabu), jenereta hii inayoandika msimbo (si ile ya dizeli) sina neno nayo. Unaipa faili la OpenAPI, yaani maelezo ya jinsi ya kuongea na seva, unakunywa chai, unakuta maktaba ya mteja iko tayari kuita seva. Kilichonichemsha ni mifano.

Kila wito wa API (mlango ambao programu huombea huduma kwa seva) unaandikiwa faili lake la msimbo wa mfano. Tena si moja: upo wa kawaida, upo wa kusubiri jibu huku programu ikiendelea, na mara nyingine upo wa tatu unaofanana na wa kwanza kama shilingi kwa ya pili. Kuna siku nilisahihisha herufi moja kwenye maelezo ya data. Herufi moja! Nikazalisha upya, mafaili zaidi ya mia nne yakabadilika, karibu yote mifano. Mwenzangu anayenikagulia msimbo akaandika tu, "Ndugu yangu, hapa nisome nini?"

Hilo ningelimeza. Lakini kwenye API yetu kuna sehemu inayoitwa "class", neno ambalo lugha ya Java imejiwekea yenyewe, huruhusiwi kulitumia kama jina. Ndani ya maktaba, jenereta ilikumbuka kutanguliza kistari cha chini. Kwenye mfano ikasahau. Mfano ukakataa kukompaili (kugeuzwa kuwa programu inayoweza kuendeshwa), na kwa kuwa umepachikwa ndani ya mradi uleule, maktaba nzima ikagoma nao. Saa tatu zangu ziliishia kwenye faili ambalo hakuna mtu angelifungua.

Nikalifuta. Nikazalisha tena, likarudi. Mwishowe nikaandika skripti ya kufagia mifano kila baada ya kuzalisha, yaani programu ya kuzoa takataka za programu.

Nikawaandikia watunzaji wa jenereta, kwa adabu zote, nikiomba swichi ya kuzima mifano. Jibu: "Mifano haimuumizi mtu. Kama huitaki, si uifute?" Ombi likafungwa palepale. Hata pole hakuna! Usiku ule nilikuwa nimeshaandika maoni ya nyota moja, pamoja na maneno mengine ambayo nashukuru sikuyatuma.

Sasa toleo la hivi karibuni limekuja na swichi ileile niliyoambiwa siihitaji. Mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, mifano: hapana. Nikabadilisha herufi moja kuijaribu, yakaguswa mafaili mawili tu. Nilicheka peke yangu kama chizi. Basi nyota nne, yaishe.

Hapana, tatu. README, faili la utangulizi la maktaba, bado inaorodhesha viungo vya mifano isiyokuwepo, ukibonyeza unaangukia patupu. Na mifano yenyewe inakuja ikiwa imewashwa, kwa hiyo mgeni atatumbukia shimo lilelile nililotumbukia mimi, halafu aambiwe afute.

Ila niseme ukweli. Juzi nilisahau kabisa namna ya kupakia faili kubwa vipande vipande, na maelezo rasmi yalizidi kunichanganya. Nikawasha mifano, nikachungulia mmoja, nikanakili mistari saba, nikaizima haraka. Yule aliyenijibu asijue.