Terry Fox Run kwa mgonjwa wa hatua ya nne: tathmini ya mshiriki

Ninaandika tathmini hii nikiwa mgonjwa wa saratani ya matiti ambayo imekwisha kusambaa hadi kwenye mifupa, yaani hatua ya nne. Ninaishi Toronto, na Septemba iliyopita nilishiriki kwa mara ya kwanza Terry Fox Run, mbio zinazofanyika kila mwaka kote Kanada kumkumbuka Terry Fox, kijana aliyeugua saratani, na kuchangia utafiti wa ugonjwa huo. Nilikwenda nikitaka kujua kama shughuli hii ina nafasi ya mtu ambaye daktari wake hazungumzii tena kupona.

Kuhusu gharama sina lawama. Kujiandikisha ni bure, hakuna kiwango cha fedha ambacho mshiriki analazimika kufikisha, hakuna anayepima muda, na mabango ya kampuni hayapo, kwa kuwa Terry Fox mwenyewe hakutaka jitihada zake zigeuzwe tangazo la biashara. Mwaka juzi niliingia matembezi mengine ya hisani, ambayo sitayataja. Nilitozwa ada, kisha nikawa ninakumbushwa kwa barua pepe kwamba sijafikisha kiwango, na wakati huo nilikuwa kitandani kwa maumivu ya nyonga.

Terry alikatwa mguu wa kulia mwaka 1977, akiwa na miaka 18, kwa sababu ya saratani ya mfupa. Aliambiwa kwamba nafasi yake ya kuishi ni asilimia 50, na kwamba miaka miwili tu kabla ya hapo ingekuwa asilimia 15. Tofauti hiyo ilitokana na utafiti. Tarehe 12 Aprili 1980 alianzia St. John's, mashariki mwa Kanada, kwa mguu wa bandia, akikusudia kuivuka nchi nzima ili kuchangisha fedha za utafiti huo, akikimbia karibu kilomita 42 kwa siku, na tarehe 1 Septemba, baada ya siku 143 na kilomita 5,373, alisimama karibu na Thunder Bay, mjini Ontario, kabla ya kumaliza safari, kwa sababu saratani ilikuwa imefika mapafuni. Alifariki Juni 1981, kabla hajatimiza miaka 23. Mbio hizi, basi, zinamkumbuka mtu ambaye hakufika alikokuwa akienda, na kwangu hilo ndilo linalozitenga na shughuli nyingine ambazo msema chochote huwashangilia "washindi" na "manusura" mpaka sisi wa hatua ya nne tukajihisi kama wageni waliokosea harusi.

Vidonge ninavyomeza ni vya kundi la vizuizi vya CDK4/6, yaani dawa zinazozuia protini zinazosaidia seli za saratani kugawanyika, kundi ambalo dawa yake ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2015. Ninavimeza kwa siku 21, halafu ninapumzika siku saba ili chembe nyeupe za damu zipande, na mbio ziliangukia katika wiki hiyo ya mapumziko. Nilitembea kilomita tatu kati ya tano, nikaketi kwenye benchi kunywa chai ya tangawizi kutoka chupa yangu. Walinipita wazee, watoto wenye baiskeli na mbwa wengi kupita kiasi, na hakuna aliyeniuliza kwa nini nimesimama.

Ugumu ulikuwa katika kuchangisha. Sisi tumezoea michango ya harusi, ya msiba na ya matibabu ya mtu anayejulikana, kwa hiyo nilipoweka kiungo cha ukurasa wangu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, shangazi yangu wa Tanga alinipigia simu usiku huohuo.

"Mwanangu, hizo pesa ni za dawa zako?"

"Hapana, shangazi. Ni za kutafutia dawa ambazo bado hazipo."

Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi hizo ni za wajukuu." Kesho yake alituma shilingi 20,000 kwa binamu yangu, naye akanilipia kwa kadi. Kwa anayetaka kuchangisha miongoni mwa Waswahili, nashauri maelezo hayo yatangulie kiungo, tena kwa sauti badala ya maandishi.

Siku ya mbio hutolewa stika ya kuandika jina la mtu unayemkimbilia. Wengi waliandika majina ya marehemu wao. Mimi niliandika la binti wa dada yangu, mwenye miaka tisa, ambaye ni mzima.