TAHADHARI: Apatimenti ya Kijitonyama yenye birika la njano haipo, msitume hela

Ndugu zangu mnaojiandaa kuja Dar na watoto likizo hii, naomba mnisome kabla hamjatuma hata shilingi kwa mtu anayekodisha nyumba kwa siku mtandaoni. Sisi tumeshapigwa shilingi 350,000. Nyie bado, na ndiyo maana naandika.

Tunaishi Dodoma. Safari hii tuliidunduliza tangu mwezi wa nne: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama yangu mzazi. Wa kwanza alitaka kuona nyumba za makabila pale Kijiji cha Makumbusho, wa pili anaota kupanda kivuko cha Kigamboni, na mdogo wa miaka mitatu hajawahi kuona bahari. Treni ya SGR ilitugharimu 124,000 kwa wote sita, kwa sababu watoto wawili walilipa nusu na mdogo akapita bure. Kilichobaki kilikuwa mahali pa kulala. Gesti kwa watu sita ni vyumba vitatu, na chakula cha kununua mara tatu kwa siku kinamaliza hela haraka kuliko malazi yenyewe. Nikaona bora nyumba yenye jiko.

Nikaikuta kwenye ukurasa mmoja wa Facebook. Vyumba viwili na sebule, Kijitonyama, karibu na Kijiji cha Makumbusho, shilingi 60,000 kwa usiku. Picha zilikuwa nane. Sebule yenye makochi ya kijivu, vitanda vimetandikwa vizuri, na jiko dogo safi lenye birika la njano juu ya jiko la gesi. Hilo birika nalikumbuka kwa sababu binti yangu alilipenda, akasema bibi atachemshiwa chai humo.

Nikaandika WhatsApp. Kijana akajibu palepale, kwa heshima zote: "Shikamoo dada, karibu sana." Nikamweleza kwamba mama ana magoti mabovu, ngazi hawezi. Akasema ipo ya chini, ataizuia kwa ajili ya bibi. Akauliza na umri wa watoto, akaahidi kuweka godoro la ziada bila malipo. Huyu mtu alikuwa anakusanya kila nilichomwambia na kunirudishia kama wema, na mimi nikazidi kumwamini.

Usiku tano ni 300,000. Akataka nusu ya kushikia nafasi, 150,000, kwa sababu "likizo watu ni wengi". Sasa hapa naomba mtulie, maana hapa ndipo ningeweza kuokoka.

Mnajua ukituma hela kwa simu, kabla hujaweka namba ya siri, mtandao unakuonyesha jina la mwenye laini. Lilikuja jina la mwanamke. Kijana alikuwa amejitambulisha kwa jina la kiume. Kidole changu kikasimama. Nikampigia, akajibu bila kusita: "Dada, hiyo ni laini ya mhasibu wetu, hela zote za ofisi zinaingia huko." Nikaweka namba ya siri. Wote tumeshapokea zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", tunazifuta na kupita. Hii ilikuwa ileile, tofauti ni kwamba imevalishwa picha za makochi na sauti ya adabu.

Siku mbili baadaye akataka 50,000 ya dhamana ya vitu vya ndani, tutarudishiwa tukiondoka. Mume wangu akasema hapana. Mimi nikamwambia tusipotuma na ile 150,000 itapotea. Nikatuma.

Siku ya safari tukapanda treni Stesheni ya Samia, watoto wamebanana dirishani. Tulipofika sehemu za Kilosa, kwenye yale mahandaki, simu ikaita na kukatika mara tatu. Ilipotulia, kijana anahema: kuna mteja yuko getini na hela taslimu ya wiki nzima, bosi anataka kumpa nyumba, yeye anatupigania. Tumalizie 150,000 sasa hivi. Mama amelala begani kwangu, tuko katikati ya safari, hatuna pengine pa kufikia. Nikatuma nikiwa nimeketi kwenye kiti cha treni. Hakuchagua muda ule kwa bahati. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemtumia picha ya tiketi asubuhi ili ajue saa ya kutupokea.

Tulishuka Stesheni ya Magufuli giza limeshaingia. Namba inaita, haipokelewi. Tukachukua bajaji mbili mpaka kwenye lokesheni aliyotutumia. Geti lipo, ghorofa lipo, na ule ukuta wa rangi ya krimu wa kwenye picha upo. Alikuja mlinzi, mzee wa makamo ya baba yangu. Nikamwamkia, nikamwonyesha simu. Hakuangalia hata picha ya pili. Akasema, "Mwanangu, hapa wote ni wapangaji wa mwaka. Hapapangishwi kwa siku. Wiki iliyopita walikuja wengine kutoka Singida, na mabegi hivihivi."

Picha ya geti ilikuwa ya hapo kweli. Makochi, vitanda na birika vilitoka kwingine. Nikajaribu kupiga tena, nimeshablokiwa.

Yule mzee alitoa kiti chake akampa mama. Mdogo alikuwa amelala juu ya begi, mdomo wazi. Binti yangu akaniuliza kama bahari ipo hapo nyuma ya ukuta. Sikuweza kumjibu. Tulipata gesti Sinza, vyumba viwili vya 35,000, tukalala watatu watatu. Mzee mlinzi, popote ulipo, Mungu akuzidishie.

Mtaniuliza mbona hatuna ndugu Dar. Tunaye, yupo Mbagala, amepanga vyumba viwili na ana watoto wanne. Sikumwambia kama tunakuja, kwa sababu angeng'ang'ania tufikie kwake na ningeona haya kumjazia watu sita siku tano. Kwa kumwonea haya nikakosa mtu wa kupanda daladala na kugonga lile geti kwa niaba yangu. Nauli yake isingefika hata 5,000. Kama mna ndugu, rafiki, hata mtu mliyesoma naye aliyeko mjini, mwambieni ukweli kwamba mnataka akaangalie nyumba tu. Hakuna aibu. Asipatikane mtu, mwambie mwenye nyumba apige simu ya video akiwa barabarani, aingie getini, afungue mlango, akuonyeshe jiko, yote bila kukata. Wetu nilipomwomba alisema kamera yake mbovu. Kamera mbovu, na picha nane kali namna ile alizipiga na nini?

Na hela ya kushikia, kama lazima uitoe, iwe kidogo ambayo ikipotea utaweza kusamehe, na jina linalotokea kwenye simu liwe la mtu unayeongea naye au la biashara yake. Likija jina jingine, futa muamala. Usimpigie kumuuliza, maana jibu analo tayari.

Asubuhi tulikwenda polisi, wakatuandikia RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yetu. Askari aliyetuhudumia alikuwa mwungwana, alituambia mambo mawili ambayo nayaweka hapa. La kwanza, kosa hili linaangukia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa hiyo msifute meseji hata moja, wala historia ya miamala. La pili, mwenye jina lile la kike huenda hajui lolote, laini za matapeli mara nyingi zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Nilipiga palepale, nikamlazimisha na mama apige.

Kampuni ya simu nayo niliipigia, lakini nilichelewa, hela ilikuwa imeshatolewa kwa wakala ndani ya dakika chache. Ukishtuka umetapeliwa piga huduma kwa wateja dakika hiyohiyo, hata kabla hujamwambia mumeo au mkeo, kwa sababu hela ikiwa bado ipo kwenye akaunti ya mpokeaji upo uwezekano wa kuizuia. Namba ya tapeli iripotini TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa meseji kwenda 15040. Ni bure, na namba inaweza kufungwa.

Kuna jingine dogo. Kwenye magrupu hayohayo wapo wanaouza tiketi za SGR "za dharura" kipindi cha likizo. Tiketi ina jina na namba ya kitambulisho cha abiria. Nunueni kwenye mfumo wa Shirika la Reli (TRC) wenyewe au dirishani stesheni, basi.

Tulibaki Dar siku mbili badala ya tano. Kivuko tulipanda, bahari mdogo aliiona Coco Beach, akaogopa mawimbi na kumshika bibi yake mguu. Kijiji cha Makumbusho hatukufika, hela iliisha, na binti yangu hajanilalamikia hata mara moja. Hilo ndilo linaloniuma kuliko 350,000.

Leo asubuhi nimeliona tangazo tena. Jina la ukurasa limebadilika, mtaa sasa ni Mikocheni, bei imeshuka mpaka 55,000, na wameandika "ofa ya familia, likizo ya mwezi wa sita". Chini yake tayari kuna mama mmoja anauliza kama kuna nafasi kuanzia Ijumaa. Nimemwandikia inboksi, hajajibu. Kama unamfahamu mtu anayetafuta nyumba Dar wiki hii, mpigie. Akikuonyesha picha za jiko na birika la njano liko juu ya jiko la gesi, mwambie asitume.