Ruta ya nyumbani Iyunga: WiFi inapotea jioni, tena kwenye vitu viwili tu

Nina miezi kadhaa natumia hii intaneti ya nyumbani ya ruta inayowekwa laini, unalipia kwa mwezi unatumia bila kuhesabu MB. Kampuni siitaji maana nilichokutana nacho kinaweza kumpata mtu wa kampuni yoyote. Nianze na sifa zake, zipo. Huku Iyunga, Mbeya, karibu na MUST (chuo kikuu cha sayansi na teknolojia) na hostel za wanafunzi, mnara hauko mbali, spidi nzuri, watoto wanaangalia katuni sebuleni na mimi natuma mafaili (nashika hesabu za watu wa parachichi kule Rungwe, makaratasi yao yanaingiaga usiku) na hakuna anayemlalamikia mwenzake. Kwa hela ninayolipa hapo sina neno.

Sasa shida. Mchana kila kitu fresh. Ikifika jioni laptop haioni WiFi, na sio kwamba imekonekti ikawa slow, hapana, jina lenyewe la WiFi halipo kwenye listi, majina ya majirani yote yapo, ya hostel yapo, ya kwangu ndo halipo na ruta iko mezani taa zinawaka na simu yangu hapo hapo inapiga mzigo kwa WiFi hiyo hiyo. Unazima ruta unawasha, jina linarudi, unafurahi, unafanya kazi kidogo, linapotea tena. Siku nyingine unazima unawasha na halirudi. Umeme ukikatika ukarudi ndo bahati nasibu kabisa.

Na kilichonichanganya zaidi ni tableti ya mtoto. Ikiwa sebuleni inashika vizuri, akiingia nayo chumbani haioni kitu, wakati simu ya mama yake kitanda hicho hicho inashika. Nyumba yetu ni tofali za kuchoma, kuta nene, nikasema sawa labda ni ukuta, lakini laptop ilikuwa inagoma hata nikiiweka ubavuni mwa ruta. Ukuta gani hapo?

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada wa watu mpole, "zima ruta, subiri kidogo, uwashe", nikafanya, jina likarudi, akasema "basi kaka tatizo limeisha" akafunga tiketi. Nimepiga tena siku nyingine, mtu mwingine, maneno yale yale. Hili ndo linaloniudhi kwenye huduma yao: kuzima na kuwasha kunaficha tatizo badala ya kulitatua, na wao kwenye kompyuta yao linasomeka limetatuliwa. Hakuna aliyeniuliza ni kifaa gani kinagoma na kipi hakigomi.

Nikaipeleka laptop kwa fundi Mwanjelwa. Kaiangalia akasema bro hii kadi ya WiFi inakufa, nunua kile kidude cha USB cha kushika WiFi. Nilitaka kununua ila kuna kitu kilikuwa kinanigomea kichwani, kwa sababu usiku nikiwasha hotspoti ya simu laptop inaiona bila shida yoyote. Kadi inayokufa inakufaje kwa ruta yangu tu na kwa saa za jioni tu? Nikamwambia ndaga fijo (asante sana) nikaondoka na laptop yangu.

Kilichofungua njia ni swali dogo: hivi hii laptop na hii tableti zinafanana nini? Maana simu zote ndani ziko poa. Laptop ni used, ilishuka na mzigo wa kutoka Marekani, stika za huko bado ziko chini. Tableti shemeji aliileta kutoka huko huko Marekani, ni ile isiyo na sehemu ya laini. Basi, ndo kitu pekee. Nikamwambia kijana wa jirani anayesoma hapo chuoni, akaniwekea kwenye simu app inaitwa WiFi Analyzer ambayo inakuonyesha kila WiFi iliyo karibu iko chaneli namba ngapi. Jioni tukafungua. Chaneli 1, 6 na 11 zimejaa hostel nzima, mahotspoti ya wanafunzi yamepandana, na ya kwangu peke yake imekaa raha mstarehe kwenye 13.

Maelezo yake ni haya, kwa ninavyoyaelewa. WiFi ya masafa ya 2.4GHz imegawanywa chaneli chaneli, na nchi nyingi ikiwemo huku kwetu na Ulaya zinatumika mpaka 13. Vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani kwa kawaida vinaishia 11. Ni kama gari ya Japani ikishuka bandarini Dar, redio yake mara nyingi inaishia 90 kwa sababu FM ya kwao inaanzia 76, stesheni za 100 na ngapi huzipati mpaka ufunge kile kidude, na redio haijaharibika. Laptop yangu ndo hivyo, 12 na 13 kwake hazipo duniani.

Ruta nayo ilikuwa imesetiwa Auto, kwa hiyo inatafuta yenyewe sehemu yenye nafasi. Mchana wanafunzi wako darasani, inakaa popote, laptop inaiona. Jioni wakirudi wakawasha vitu vyao, ruta inakimbilia 13 ambako hakuna mtu. Ukiizima na kuiwasha inachagua upya, ikiangukia 1 au 6 unaona imepona, ikiangukia 13 unatukana kampuni. Umeme ukirudi hivyo hivyo.

Na tableti? Ruta hii inatoa WiFi mbili, ya 2.4GHz na ya 5GHz, kwa jina moja. Sebuleni tableti ilikuwa inashika ile ya 5GHz ambayo haina habari na hizo chaneli 12 na 13, ila 5GHz haipendi kuta, kwa hiyo chumbani inafifia, na ya 2.4 iko 13 ambako tableti haioni. Laptop yangu ya zamani haina 5GHz kabisa ndo maana hata ubavuni mwa ruta inagoma. Simu zenye laini zinajua ziko nchi gani kupitia mnara, zinafungua chaneli za nchi hiyo, tableti isiyo na laini itajulia wapi?

Kutengeneza hakukuchukua muda. Unafungua browser unaandika ile anwani iliyo kwenye stika chini ya ruta, ya kwangu ni 192.168.1.1, unaingia na pasiwedi iliyo hapo hapo, unaenda kwenye Wireless ya 2.4GHz, pale kwenye Channel unatoa Auto unaweka 1, 6 au 11. Hizo tatu ndo haziingiliani, ukiweka 3 unagombana na wa 1 na wa 6 kwa pamoja. Upana wa chaneli uweke 20MHz, 40 kwenye mtaa uliobanana kama huu unajitafutia kelele. Mimi nimeweka 1 kwa vile usiku ndo ina watu wachache kidogo. Nikatenganisha majina pia, la 5GHz nikaliongezea 5G mwishoni, mke wangu alipoliona akadhani tumepandishwa kifurushi. Hapana mama, hiyo ni WiFi ya humu ndani, 5G ya mnara ni habari nyingine.

Tangu hapo jina halijapotea tena. Spidi ya laptop usiku sio kali kama zamani ya simu kwenye 13, maana chaneli 1 nagawana na hostel, lakini mafaili ya parachichi yanakwenda.

Kwa hiyo nyota: spidi na bei natoa 4. Ruta yenyewe 3, isingekuwa mbaya ila kuiacha Auto mpaka 13 wakati mjini hapa kuna laptop used za Marekani ni kutujaribu tu. Huduma kwa wateja 1, na hiyo 1 ni ya yule dada kwa upole wake. Na ukibonyeza kile kitundu cha kuriseti, au fundi wao akija akaibonyeza, setingi zote zinarudi Auto na jioni yake unaanza upya, kwa hiyo mimi hicho kitundu nimekibandika plasta.