Seti ya kuvua kwa flai ya "wanaoanza": fimbo safi, muuzaji hapana

Jamani msinunue hii seti. Au ngojeni kwanza nimalize, maana hasira bado ninazo.

Niliagiza Dar kwa simu, seti ya kuvua kwa flai, vile vichambo bandia vya manyoya, humo kuna fimbo, rili ya kuzungushia mshipi, mshipi wenyewe na jiriwa ndogo ya kubania ndoana ukifunga flai zenyewe. Muuzaji nilimweleza vizuri tu kwamba niko Mtwara, navua baharini, Shangani na Mikindani huku, nataka kolekole sio samaki wa mtoni. Akasema tulia kaka, hiyo namba 8, ya bahari kabisa. Na kweli fimbo imeandikwa 8, yaani inataka mshipi wa uzito wa namba 8. Mzigo ukaja na basi, nikaupokea stendi na furaha zangu zote.

Kufika pwani narusha, mshipi unaniangukia miguuni. Narusha tena, unajikusanya mbele yangu kama tambi, na kusi linavuma usoni. Fimbo haipindi hata kidogo. Nikaanza kuukagua ule mshipi, karibu na kitanzi cha mbele kuna maandishi madogo mpaka uyageuzie juani ndo unayasoma: WF5F, ile 5 ya katikati ndo namba ya uzito wa mshipi. Tano!! Kwenye flai chambo hakina uzito, ni manyoya tu, mshipi ndo unaokibeba na ndo unaopinda fimbo. Mita 9 za mwanzo za namba 8 ni kama gramu 13 na nusu, za namba 5 ni 9 tu. Sasa fimbo ya 8 itapindwa na nini?

Hapo bado ningesamehe, watu wanakosea kufungasha. Nikapiga simu kwa adabu zote, najibiwa "sasa kaka si urushe kwa nguvu, nyie watu wa kusini mmezoea mshipi wa mkono, haya mambo yanataka mafunzo." Akakata. Mafunzo! Mtu nimezaliwa bahari iko mlangoni, nifundishwe kuvua na mtu anayeuza maboksi, tena kaniuzia mshipi ambao sio!

Jiriwa lakini nisiseme uongo, nzuri mno, ndoana ikishabanwa haichezi hata uvute uzi vipi. Nimefunga flai kwa manyoya ya shingo ya jogoo na singa za mbuzi mweupe, nikaweka na kachubwi shingoni izame. Juzi kati jamaa mmoja kaniazima mshipi wa 8, fimbo ni ile ile, weee, mshipi ulinyooka wote na kolekole akaivamia flai yangu kabla sijaanza hata kuivuta vizuri. Fimbo tamu jamani, siiuzi.

Na ndo inavyozidi kuniuma, kumbe kitu kizuri hivi kimeharibiwa na mshipi mmoja na mdomo wa mtu. Kama lazima uagize, kabla hujatuma hela akutumie picha ya yale maandishi ya kwenye mshipi, na rili ioshe maji yasiyo na chumvi kila ukitoka baharini. Mimi mshipi wangu wa 8 bado namdai, na simu hapokei.