Nilingojeshwa papi wangu (mtoto wa mbwa) mpaka wiki 12, nikanuna: uzoefu wangu na Yorkie hapa Kampala

Nianze na bei maana najua ndo mnaulizaga kwanza. Nlilipa milioni moja na laki mbili, Yorkshire Terrier jike (ndo Yorkie, mbwa wa aina ndogo sana), kwa mama mmoja anayefugia nyumbani kwake upande wa barabara ya Entebbe. Laki nne nikatuma kwa mobaili mani kama kishika uchumba, zilizobaki siku ya kumchukua. Jina lake sitaji, sijamwomba ruhusa.

Sasa siku nlipoenda kuwaona watoto wa mbwa walikuwa na wiki 7. Mimi nimebeba kikapu kabisa, na kitambaa ndani, nimejua jioni narudi kwangu Najjera na mbwa wangu. Yule mama akaangalia kikapu akacheka. "Nnyabo, huyu bado ni wangu. Rudi akifika wiki kumi na mbili." Nikamwambia mbona huku mjini watu wanatoa wakiwa na wiki sita tu, na kaka yangu German Shepherd wake alimchukua wa wiki 8 na saa hizi anatafuna mlango. Akanijibu bila kuinua kichwa, German Shepherd wa wiki 8 na huyu wangu wa wiki 8 sio watu wa umri mmoja.

Nlikasirika jamani. Nlirudi na kikapu kitupu kwenye takisi, watu wananiangalia kama nimetoka sokoni nimeibiwa. Mzee wangu akasema huyo anataka tu kukaa na pesa yako, dai irudi.

Sikudai, na sababu ni yule mbwa wangu wa kwanza. Mwaka juzi nlinunua Chihuahua, naye wa aina ndogo sana, kwa muuzaji wa kwenye simu, tukakutana steji, papi kaletwa kwa boda ndani ya boksi la viatu. Akaniapia ana wiki 8. Ati "tikapu", yaani mbwa wa kuenea kwenye kikombe cha chai, ndo maana mdogo hivyo, na bei ikapanda kwa hiyo tikapu. Nikaja kujua baadaye kwamba tikapu sio aina ya mbwa, ni jina la biashara tu, na njia rahisi ya kupata mbwa mdogo sana ni kumuuza kabla hajakua. Siku ya kwanza akagusa gusa maziwa ya ng'ombe, akaharisha. Asubuhi ya pili namkuta wa baridi, anayumba kama mlevi, kichwa hakikai, mara miguu ikaanza kutetemeka. Mi nkajua ni sumu, au parvo, ule ugonjwa wa kuharisha unaoua mapapi. Nikambeba ndani ya sweta mpaka kwa daktari wa mifugo, na yule daktari kabla hajauliza chochote akachovya kidole kwenye glukosi akampaka kwenye fizi. Akaamka! Kisha akamfungua mdomo, akaangalia meno, akasema huyu hata wiki 6 sidhani. Siku ya nne tukampoteza.

Daktari alinieleza vizuri na sijasahau. Sukari ya mwili inawekwa akiba kwenye ini na misuli, sasa kitoto cha gramu mia nne ini lake ni dogo sana, mafuta mwilini hana, na kwa udogo ule joto linamtoka haraka. Akikosa kula masaa machache tu, akiwa na baridi au hofu juu yake, sukari inashuka mpaka ubongo unazimika. Mbwa mkubwa wa umri huohuo atalala njaa usiku mmoja na asubuhi anakudai chakula. Huyu mdogo hana hiyo nafasi. Na siku ya kuhama nyumba ndo siku papi anagoma kula, si unaona hapo.

Kwa hiyo nikangoja. Kila Jumapili mama ananitumia picha ya papi kwenye mizani ya kupimia unga, imeandikwa gramu. 540. 610. 690. Wiki ya 10 ikaja 695 nami nikapiga simu mbio, akasema ameona, wamebadilishiwa chakula na huyu anasumbua, asipoongeza wiki ijayo basi 12 sio 12 tena, itakuwa 13. Hapo ndo nlimwelewa. Kumbe yeye hiyo tarehe haimshughulishi sana. Anataka mtoto aongeze uzito kila wiki, ale chakula kikavu peke yake bila ndugu zake kumchangamsha, alale usiku mzima mbali na mama yake, na awe amepata chanjo mbili na dawa ya minyoo kadhaa. Ikaja 790, alafu 880, nikaitwa.

Uingereza sheria inakataza mfugaji mwenye leseni kuuza papi chini ya wiki 8, ila hiyo ni ya mbwa wote, na wafugaji wengi wa hawa wadogo huko nje wenyewe wanasogeza mpaka 12. Sisi hapa mara nyingi ni wewe na muuzaji tu, mnaelewana steji.

Faida nyingine sikuitegemea kabisa. Siku moja nlienda kuwatembelea nikakuta wanacheza, wangu akamng'ata dada yake sikio kwa nguvu, dada akapiga kelele akaondoka, mchezo ukaisha. Wangu akabaki ameduwaa. Baada ya dakika akarudi anang'ata polepole. Hiyo shule mimi siwezi kumpa, na binti yangu ana miaka 5, vidole vyake vimeshukuru.

Siku ya kumchukua nlipewa kitabu cha chanjo chenye vile vibandiko vya chupa na tarehe, mfuko wa chakula kilekile anachokula, na kitambaa chenye harufu ya mama yake. Alishwe mara nne kwa siku. Chanjo ziendelee mpaka wiki 16, asikanyage nje wanakopita mbwa wa mtaa kabla hazijaisha. Ya kichaa cha mbwa nimpeleke mwenyewe, umri umefika.

Lakini sio kwamba kila kitu kilikuwa asali. Wiki ya 9 mama akaleta hesabu mpya, elfu kumi na tano kila wiki ya chakula, kitu hakukitaja siku ya advansi. Nlilipa nikinung'unika. Aseme mapema tu, ningelipa nikicheka. Kujibu meseji ni mpaka Jumapili yake. Na hili la mwisho ndo kubwa kwangu: watoto alikuwa anawafungia chumba kimoja kimya, hawaoni watu. Mbwa anazoea dunia sanasana kati ya wiki ya 3 na kama ya 12 hadi 14, baada ya hapo kitu kigeni kinakuwa adui. Sasa ukimshikilia mtoto mpaka 12, hiyo kazi inakuwa ya mfugaji, asikie boda, asikie sufuria zikianguka, ashikwe na watoto na wanaume. Simsim wangu (ndo jina lake) alikuja anaogopa hata ufagio. Boda ikipita anaingia chini ya kochi, na mpaka leo tunamzoesha, namfunga na leso kifuani tunakaa getini tunaangalia pikipiki. Kwa hiyo ukiambiwa ngoja, uliza anangojea wapi.

Usiku wa tatu hapa kwangu umeme ukaenda, kulikuwa na mvua ya kishindo, Simsim akakataa chakula cha jioni. Saa tano namwona amelegea, anatembea upande upande. Safari hii sikulia. Asali kwenye fizi, chupa ya soda yenye maji ya moto ndani ya soksi, dakika kama kumi akala vijiko viwili, asubuhi kwa daktari. Wiki 12 haziondoi hatari yote, ila huyu alikuwa na mwili wa kunipa muda wa kuwasha tochi.

Saa hizi ana miezi mitano, kilo moja na nusu na kidogo, na mukene (dagaa wa huku) ikikaa karibu na sigiri lazima uihesabu. Nampa yule mama nyota nne. Dada yangu wa Busia ameshatuma kishika uchumba cha uzao ujao, na jana kanipigia ananiuliza nimwombee, hivi wiki 9 haiwezekani?