Pakiti ya dola sita na majani ya karoti ya Kadutu

Mimi ni mshonaji. Nina cherehani mbili barazani kwetu huku Panzi, mjini Bukavu, na chini ya meza ya kukatia anaishi sungura anayeitwa Kifungo. Dume la kijivu, kilo mbili na nusu na kidogo. Tulimpima kwenye mizani ya muuza maharagi. Binti yangu ndiye aliyemtoa sokoni, amefungwa miguu pamoja na wenzake wanne, anauzwa kama mboga. Jirani yangu mpaka leo akipita anauliza, "Mama, hii mboga yenye masikio itaiva lini?" Namwambia aendelee kungoja.

Mwezi wa tatu mume wangu alirudi na zawadi: pakiti ya bombo, yaani peremende, za sungura, ndivyo watoto walivyoziita palepale, kutoka duka moja la vitu vya ng'ambo katikati ya mji. Dola sita. Hiyo ni pesa ninayopata kwa kushona sketi ya shule, kitambaa kikiwa cha mteja. Nje ya pakiti kuna sungura mweupe anayecheka, karoti mbili, na maandishi ya Kifaransa yanayosema ndani mna furaha. Nilifurahi na mimi. Kifungo alifurahi kutushinda wote: aliusikia mlio wa ile karatasi kutoka uani, akaja mbio mpaka akateleza kwenye saruji.

Siku tatu alipewa kiganja asubuhi na kiganja jioni. Siku ya nne hakuja.

Nilimkuta kajikunja kwenye kona kama mfuko uliotupwa, macho nusu, anasaga meno kwa sauti ndogo. Nyasi za jana zilikuwa palepale. Nikatafuta mavi yake nikapata matatu tu, madogo kama pilipili manga, na tumbo nilipoligusa lilikuwa gumu. Jirani (ni yuleyule, lakini moyo wake mzuri) akaleta kapsuli ya amoxicillin, akasema nimfungulie kwenye maji. Hapa kwetu amoxicillin ni kama chumvi, kila nyumba inayo. Bahati nilimpigia kwanza daktari wa mifugo, mzee anayetibu ng'ombe na mbuzi wa watu wa Kabare. Alipiga kelele kwenye simu: "Mama, usimupe! Utamuua!" Dawa za jamii ya penisilini zikipitia mdomoni kwa sungura zinaua vijidudu vizuri vya tumboni, wale wabaya wanabaki peke yao, na mnyama anakwisha ndani ya siku chache. Akaongeza kwamba sungura hawezi kutapika. Kilichoingia lazima kipite chote mpaka mwisho. Na sungura asiyekula nusu siku ni mgonjwa wa haraka, si wa kungoja kesho.

Alikuja na pikipiki jioni ile, akamchoma sindano, tukamnywesha maji kidogo kidogo kwa bomba lisilo na sindano. Saa kumi za usiku Kifungo alivuta jani moja la nyasi. Nililia, sitaficha.

Siwezi kuapa mbele ya hakimu kwamba ni ile pakiti. Ila kesho yake niliimwaga yote mezani, nikaichambua kwa ncha ya mkasi kama ninavyochambua vifungo. Nilipata mafungu matano. Mahindi makavu yaliyovunjwa. Mbegu za alizeti na maganda yake. Njegere kavu. Vipande vya ngano vilivyofurishwa na kutiwa rangi, vyekundu na kijani. Na matone meupe yanayong'aa, yale ambayo Kifungo alikuwa akiyachagua kwanza. Nikasoma nyuma kwa miwani: sukari, unga wa maziwa, mafuta ya mawese. Matone ya yoghurt! Sungura akishaachishwa ziwa la mama yake, maziwa ya ng'ombe anayatafuta wapi?

Daktari alinieleza hivi, na tangu hapo nauona kila chakula kwa jicho jingine. Tumbo la sungura limetengenezwa kwa nyuzi za nyasi, ziingie kutwa nzima bila kusimama. Nyuzi ngumu zinasukuma kila kitu mbele na kutoka kama vile vidonge vikavu tunavyofagia. Sehemu laini inaingia kwenye mfuko mkubwa wa utumbo, inachachuka humo, kisha inatoka kama vishada vya vidonge laini ambavyo mwenyewe anavila tena, akiinama na kuvichukua mdomoni moja kwa moja. (Binti yangu alipoviona mara ya kwanza alidhani sungura amerogwa. Hapana, ndivyo anavyopata vitamini zake.) Sasa ukimwaga sukari na wanga humo ndani, uchachukaji unaharibika, hewa inajaa, utumbo unasimama. Na meno yake yanaota maisha yote. Yanasagwa na nyasi, hayasagwi na matone ya yoghurt.

Basi pakiti: nyota moja, na hiyo ni ya ile karatasi, maana inafungika vizuri na sasa natunzia zipu. Kilichobaki ndani nilimpa jirani kwa kuku wake. Wakala mahindi na alizeti, wakaacha vile vyekundu.

Duka lilelile lina pia fimbo za asali, mbegu zimebandikwa kwenye kijiti. Sijanunua na sitanunua. Ni pakiti ileile, imesimamishwa tu.

Chembechembe za kulishia sungura wa kufuga, zile zinazouzwa kwa kilo kwenye maduka ya mifugo, ni hadithi nyingine. Hazina ubaya, lakini zimetengenezwa ili sungura anenepe haraka aende sokoni. Kifungo haendi sokoni. Anapata kijiko kimoja cha mezani kwa siku.

Sasa nije kwa yule ninayetaka kumsifu. Soko la Kadutu, upande wa mboga, kuna mama anayeuza karoti, seleri na puaro. Mapema asubuhi anakata karoti vichwa, na yale majani mabichi yanaanguka miguuni pake, yanakwenda takataka. Nilipomwomba mara ya kwanza alicheka mpaka wenzake wakageuka. "Mama, sungura yako inakula muzuri kupita batoto bangu!" Sasa ananiwekea mfuko. Simlipi pesa, hakubali. Nilimshonea aproni yenye mifuko miwili kwa vipande vilivyobaki vya kitenge.

Hayo majani ya karoti ndiyo bombo halisi. Karoti yenyewe, ile ya kwenye picha zote, ina sukari nyingi, nampa kipande chembamba tu. Majani anakula kama mtu anayeingiza uzi kwenye mashine: ncha inaingia, shina linafuata bila kusimama, mpaka linaishia.

Seleri pia nainunua, ila angalia jambo hili. Akina mama wengi wanaifunga pamoja na puaro, fungu la supu. Puaro ni ndugu wa kitunguu, na vitunguu vya kila aina vinaharibu damu ya sungura. Kwa hiyo nafungua kamba palepale sokoni, puaro inaingia kwenye mfuko wangu wa jikoni, seleri peke yake inakwenda kwa Kifungo. Mashina yake nayakata mafupi kama urefu wa ukucha, maana yana nyuzi ndefu zinazoweza kumkwama. Persili anapata vitawi viwili, si fungu zima.

Matembele anayapenda na hayamdhuru. Sombe, yaani majani ya muhogo, mbichi hapana: sisi wenyewe tunaitwanga na kuichemsha sana ili sumu itoke, itakuwaje yeye aile hivihivi? Majani ya nyanya na ya viazi vya mviringo, hapana. Na avoka, yaani parachichi, wapendwa. Bukavu kila uwanja una mti wa avoka, kwetu pia. Tunda, jani, ganda la mti, vyote vina sumu kwake. Kila asubuhi nafagia chini ya mti kabla hajatolewa nje, hata mvua ikiwa inanyesha.

Kuna na kile kimmea kinachokuja na mbegu zake kushika sketi ukipita njiani, Waswahili wengine wanakiita kishona nguo. Kwa jina hilo tu ningekipenda. Majani yake machanga Kifungo anayamaliza kabla sijasimama. Nachuma nyuma ya nyumba, kamwe si kando ya barabara ambako kuna moshi wa magari na mikojo ya mbwa.

Matunda ni ya Jumatano na Jumapili. Kipande cha ndizi tamu chenye unene wa kifungo cha koti, basi. Siku nyingine tofaa bila mbegu, kwani mbegu zake zina sumu, au frezi (stroberi) moja na majani yake pale vijana wanapopita nazo kwenye vikapu. Mume wangu anaona ninamnyima. Mtu wa kilo themanini akila ndizi moja na sungura wa kilo mbili na nusu akila ndizi ileile, nani kala zaidi?

Kuhusu nyasi, hakuna duka linalouza nyasi kavu hapa, angalau mimi sijalikuta. Nakata nyasi wakati wa kiangazi, nazitandaza juu ya mabati, nageuza mchana, naingiza kabla ya umande. Zikinukia chai ziko sawa. Zikinukia nguo iliyosahauliwa kwenye beseni natupa zote, hata kama ni gunia zima, maana ukungu haunawi ukatoka.

Ukitaka majani ya karoti pale Kadutu, fika kabla ya saa mbili asubuhi. Baada ya hapo yameshakanyagwa na matope. Yaoshe, yakung'ute, yafunge kwenye kitambaa chenye unyevu. Kwangu yanakaa siku mbili bila friji. Mama huyo hauzi Jumapili.